Tulivyovuka Miaka ya Kibali

Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Karatu. Kila mwaka Kidato cha Tano wanapofika kwenye mada ya kuinuka kwa Marekani, najua mkono wa kwanza utanyanyuka wapi. Si kwenye viwanda, wala kwenye vita vya kaskazini na kusini. Ni kwenye mwaka 1862, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kumgawia mhamiaji ekari 160 za nyanda za magharibi kwa ada ndogo, mradi akae na kulima kwa miaka mitano. Mwenye mkono huwa ametoka Endulen, Nainokanoka au Olbalbal, na swali huwa lilelile: "Mwalimu, kabla ya kugawiwa zilikuwa za nani?"

Wanafunzi wa Karatu mjini hulichukulia kama swali la mtihani. Sisi tuliozaliwa upande wa pili wa geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, hatuwezi.

Nimewahi kusimama kanisani nikashuhudia jinsi familia yetu ilivyovuka njaa. Lakini dakika za kanisani ni chache, na waumini wanataka kusikia Bwana alivyotenda, hawataki kusikia sheria gani ilipita mwaka gani. Kwangu hayo mawili hayaachani. Njaa yetu ilikuwa na tarehe zake, na wokovu wetu vilevile.

Nianze na koko, bibi mzaa baba. Alizaliwa Moru, kwenye majabali yaliyo ndani ya Serengeti ya leo. Watalii hupelekwa pale kuona michoro ya ngao iliyochorwa na vijana wetu mwambani, na jiwe linalotoa mlio likigongwa. Waongozaji huwaambia kwamba zamani Wamaasai walikuwa wakipita hapo. Koko hakuwa akipita. Ndiko alikoanza kuchunga ndama, na ndiko alikozikwa mama yake.

Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwanzoni Ngorongoro nayo ilikuwa ndani yake. Wenyeji waliambiwa haki zao zitabaki. Aprili 1958 wazee 12 waliweka alama zao kwenye karatasi ya Kiingereza iliyosema kwamba wanaachia madai yao ya kuishi Serengeti ya Magharibi. Mwaka 1959 nchi ikakatwa vipande viwili: Serengeti ikawa ya wanyamapori peke yao, na Ngorongoro, kilomita za mraba zipatazo 8,300, ikapaswa kuwa ya wanyamapori, mifugo na watu kwa pamoja. Mwaka huohuo Gavana Richard Turnbull aliliambia baraza la Wamaasai kwamba humo, masilahi ya watu na ya wanyama yakigongana, ya watu yatatangulia. Hiyo ndiyo hati pekee ya ardhi ambayo familia yetu imewahi kuwa nayo: maneno ya gavana.

Walihama na punda. Koko alisema ng'ombe ndio waliosumbua zaidi, kwa sababu usiku walikuwa wakigeuza vichwa kurudi kwenye maji waliyoyazoea.

Darasani, nikishamaliza sheria ya 1862, huwapeleka wanafunzi kwenye Mkataba wa Fort Laramie wa 1868. Serikali ya Marekani iliwaahidi Walakota, wenyeji wa huko, kwamba vilima vya Black Hills vitakuwa vyao. Mwaka 1874 msafara wa jeshi uligundua dhahabu humo, na 1877 Bunge likavichukua vilima. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1980, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali kwamba vilichukuliwa bila fidia ya haki, ikathibitisha walipwe zaidi ya dola milioni 100. Walakota wamekataa fedha hizo hadi leo. Wanataka vilima.

Halafu huwarudisha nyumbani, kwa ndugu zetu wa Kenya. Mwaka 1904 laiboni Olonana na wenzake walikubali kuwaachia walowezi Bonde la Ufa, na kwa malipo yake wakaahidiwa Laikipia kwa muda wote ambao Wamaasai watakuwapo duniani. Mwaka 1911 walowezi wakaitaka na Laikipia. Mwaka 1913 Wamaasai wakaenda mahakamani, jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawaliamini, kwa maana wamekaririshwa kwamba babu zetu walijua mkuki tu. Mahakama ilisema mapatano yale ni mkataba baina ya mataifa, kwa hiyo haina mamlaka nayo. Yaani tulitambuliwa kuwa taifa siku ya kushindwa kesi.

Na kati ya 1904 na 1911, yaani Aprili 1909, alishuka bandarini Mombasa Theodore Roosevelt, ametoka tu kuwa Rais wa Marekani. Huyu aliwahi kufuga ng'ombe Dakota kwenye ardhi iliyokuwa ya Wahindi Wekundu. Alikuwa ameandika vitabu vya kuisifu safari ya Wamarekani kwenda magharibi, na alikuwa rais wakati jeshi la nchi yake likiwazima Wafilipino waliokuwa wakidai uhuru. Alipanda treni kwenda bara akiwa amekaa kwenye benchi mbele ya injini. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500, na aliandika kwamba nyanda za Kenya zilimkumbusha nchi ya ng'ombe ya kwao na kwamba zinawafaa wazungu kuhamia. Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi kwamba kupanuka kwa Marekani na kutawaliwa kwetu ni habari moja, mweke Roosevelt kwenye benchi lile, inatosha.

Upande wetu walikuwa Wajerumani. Machi 1892 Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameingia kreta ya Ngorongoro, aliwakuta humo Wamaasai waliokuwa mifupa mitupu. Ilikuwa Emutai: sotoka imemaliza ng'ombe, ndui imemaliza watu. Miaka michache baadaye ndugu wawili wa Kijerumani, akina Siedentopf, walipata mashamba ndani ya kreta, wakajenga, wakafuga, hata wakajaribu kuwafukuza nyumbu. Magofu ya nyumba mojawapo yapo hadi leo karibu na kijito cha Munge. Nyanda za Marekani nazo zilifikiwa na ndui kabla ya walowezi. Maradhi hupunguza watu, kisha anakuja mgeni na kuona nafasi.

Wazo kwamba ardhi nzuri ni ile isiyo na watu nalo lina historia. Mwaka 1872 Marekani ilitangaza Yellowstone kuwa hifadhi ya kwanza ya taifa duniani. Washoshone, Wabannock na Wakrow waliokuwa wakiwinda na kupita humo wakaonekana wavamizi, na kuanzia 1886 jeshi ndilo lililoilinda. Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyeijulisha dunia Serengeti kwa kitabu na filamu yake ya 1959, alishika msimamo huohuo: hifadhi ya taifa haipaswi kuwa na watu, hata wenyeji. Mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, na wote wawili wamezikwa ukingoni mwa kreta. Basi letu la kwenda nyumbani hupita hapo. Sina ugomvi na kaburi lao. Waliwahesabu nyumbu kwa ndege wakati ambapo wengi hawakujali, na kazi ile ina faida yake. Ninachosema ni kwamba aliyezikwa Moru hana hata kibao.

Sasa nifike kwenye maisha yetu. Watu hudhani taabu ya Ngorongoro ni kuhamishwa. Kuhamishwa kuna siku yake, huja kukaisha. Kilichotuchosha sisi ni kibali. Mwaka 1974 familia zilizoishi ndani ya kreta zilitolewa. Mwaka 1975 sheria ikapiga marufuku kilimo katika eneo lote. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela akaruhusu vibustani vya kujikimu. Mwaka 2009 ruhusa hiyo ikaondolewa. Baadaye mifugo ikazuiwa kushuka kwenye kreta zote tatu, Ngorongoro, Olmoti na Empakaai, kwenye majani na chumvi. Ukitaka kuezeka bati, kibali. Ukitaka kupitisha tofali getini, kibali. Mtu anaweza kukaa kwake miaka yote bila kuhamishwa na bado asiwe kwake.

Mtu wa Dodoma au Dar es Salaam huniuliza: kwani mfugaji anataka bustani ya nini? Jibu liko kwenye kalenda ya nyumbu. Kuanzia Januari hadi Machi wanazaa kwenye nyanda za majani mafupi kuelekea Ndutu, na ng'ombe akichungwa walipozalia hushikwa na ugonjwa wa nyumbu, hauna dawa. Kwa hiyo majani yakiwa mazuri kuliko wakati wowote, sisi tunapandisha ng'ombe milimani, ambako kuna kupe na ndigana. Nyumbu wakiongezeka, na waliongezeka sana baada ya sotoka kudhibitiwa miaka ya 1960, ng'ombe wetu wanapungua. Ng'ombe wakipungua, maziwa hayashibishi boma, mahindi yanahitajika. Ndiyo hesabu yenyewe, haina siasa.

Mimi nilizaliwa mwaka mmoja baada ya ruhusa ya Malecela, nikakua na bustani ya yeyo, mama yangu, nyuma ya boma: mahindi, maharage, viazi. Mwaka 2009 nilikuwa Kidato cha Pili. Mwaka ule ukame ulikausha Longido, Monduli na Ngorongoro yote. Ng'ombe walianguka njiani, wakawa hawainuki hata wakishikwa mkia. Na mwaka uleule bustani ikawa kosa. Baba alikwenda Nairobi kulinda maduka usiku. Tukabaki na yeyo, koko, wadogo zangu na mbuzi wachache.

Mahindi ya msaada yalikuja. Yaliletwa kwa lori na yaligawiwa kwa orodha, na orodha iliandikwa kwa jina la mwenye boma akiwa amesimama pale. Baba hakuwapo. Mwandishi wa orodha alimwambia yeyo arudi na mume wake. Siku hiyo ndiyo nilimwona mama yangu akikaa chini mchana, kitu ambacho hakifanyi. Kisha akasema maneno ambayo nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi: "Gunia la bure lina orodha, na orodha ina mwenyewe."

Nilipokuja kusoma kuhusu Walakota baada ya nyati waliowategemea kwa chakula kumalizwa, nililikuta gunia lilelile. Mkataba uliwapa mgao wa nyama na unga. Mwaka 1889 mgao wa nyama ulipunguzwa, watu wakalala njaa kwenye maeneo waliyotengewa, bila nyati na bila ruhusa ya kwenda kuwinda. Anayekuzuia kulima kisha akakugawia chakula hahitaji tena bunduki.

Yeyo hakurudi kwenye orodha. Alichukua mbuzi aliowaamini kwamba watafika, akateremka nao kwa miguu na jirani mmoja hadi Karatu. Nisimulie hapa kwa utulivu, kwa sababu ndipo tulipovukia. Wairaqw na Wamaasai walipigana sana zamani, na wazee wa pande zote mbili bado wanajua majina ya waliouawa. Lakini babu yangu alikuwa na rafiki Mwiraqw upande wa Rhotia, na walibadilishana mbuzi na mahindi tangu siku kilimo kilipozuiwa mara ya kwanza. Marafiki wote wawili walikuwa wamekufa. Yeyo alikwenda akapiga hodi kwa mke wa mtoto wa yule rafiki, mwanamke ambaye walikuwa hawajawahi kuonana.

Yule mama alimkaribisha, akampa uji, na hakuuliza amekuja kufanya nini mpaka alipomaliza kunywa. Walikubaliana bei ya mbuzi kwa madebe ya mahindi, bei ya haki, wala si ya huruma. Yeyo husisitiza hilo kila akisimulia. Angependa ijulikane kwamba alinunua. Mahindi yalipandishwa kwa gari lililokuwa likipeleka bia hoteli za ukingoni, dereva akiwa kijana wa Mbulumbulu ambaye hakutaka nauli. Getini waliulizwa kibali cha mahindi. Nani alijibu nini sitasema. Mahindi yalifika.

Kabla ya kuondoka yule mama alimwuliza yeyo ana watoto wangapi shuleni. Akasema mmoja, naye ataacha, kwa sababu ada ya kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka wakati ule, na michango mingine juu yake, haipo. Yule mama akasema: "Mlete. Chumba kipo." Ndivyo nilivyohamia Karatu. Nilikuwa mtoto wa kwanza wa Kimaasai kulala nyumba ile, na usiku wa kwanza bibi wa mji ule, ambaye kaka zake waliuawa na watu wetu, alinitazama muda mrefu kisha akanisogezea mto.

Likizo nilikwenda Mang'ola kwenye vitunguu. Ukishuka kutoka Karatu kwenda Ziwa Eyasi joto linakupokea kabla hujafika bondeni. Kazi yangu ilikuwa kupandikiza miche kwenye majaruba, umeinama, miguu ndani ya maji ya chemchemi tangu alfajiri, unalipwa kwa jaruba. Vidole vilivimba hadi sikuweza kushika kalamu shule ilipofunguliwa. Nilifanya kazi pamoja na wasichana wa Kidatoga, Wanyiramba na Wahadzabe wawili ambao nyika yao ya kuwinda ilikuwa ikiliwa na mashamba yaleyale tuliyokuwa tukiyapanda. Hilo nililiona, nikaendelea kupandikiza, kwa sababu nilitaka ada. Mnyonge naye anaweza kuwa mkono wa kumsogeza mwingine, na Marekani ilikuwa hivyohivyo: miongoni mwa waliopewa ekari 160 walikuwamo maskini waliokimbia njaa Ulaya.

Nikafaulu, nikaenda Kidato cha Sita, nikasomea ualimu kwa mkopo wa serikali. Namshukuru Mungu, na nawashukuru walipa kodi pia, maana sitaki mtu adhani nailaumu nchi yangu kwa kila kitu. Hoja ya serikali kuhusu Ngorongoro naijua na ninaifundisha: mwaka 1959 watu walikuwa wapatao 8,000, kufikia 2022 walizidi 100,000, na ardhi haijaongezeka. Ni hoja ya kweli. Kasoro yake ni kwamba inahesabu watu na mifugo bila kuhesabu hoteli na magari ya watalii yanayoshuka kreta kila asubuhi.

Juni 2022 misafara ya kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, ilipoanza, mdogo wangu wa kiume alijiandikisha. Alipata nyumba ya vyumba vitatu na shamba, mwendo wa kilomita zipatazo 600 kutoka kwa mama yake. Kwa mara ya kwanza tangu 2009 katika ukoo wetu mtu analima bila kujificha, na hilo silidharau. Yeyo alikataa. Baba, aliyekuwa amesharudi kutoka Nairobi, alibaki naye. Kwa miezi mingi hawakuzungumza na mdogo wangu, na aliyewapatanisha si mchungaji wala laigwanani, kiongozi wetu wa mila, ni mama yetu wa Rhotia, aliyempigia simu yeyo na kumwambia kwamba mtoto ni mtoto hata akiwa Handeni. Sasa anakuja Krismasi na magunia ya mahindi yake. Yeyo anampa mbuzi, ili iwe biashara.

Agosti 2024 watu wa Ngorongoro walikaa barabarani siku kadhaa wakisimamisha magari ya watalii, baada ya kusikia kwamba vijiji vyao vimefutwa na vituo vya kupigia kura vimeondolewa. Wanawake walikuwa mbele, na majani mabichi mikononi. Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha utekelezaji wa tangazo la kuvifuta vijiji. Desemba 1 mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana Arusha na viongozi wa Kimaasai, na tume mbili zikaundwa, moja ya ardhi na moja ya uhamaji. Yeyo alikuwa barabarani siku zile. Nilimwuliza hakuogopa? Akasema aliogopa zaidi siku ya orodha.

Koko alifariki kabla ya hayo yote. Lakini likizo moja nilikaa naye na simu yangu, akaeleza Moru: kila kisima kwa jina, nani alizikwa wapi, njia waliyohamia, ng'ombe gani walirudi usiku. Rekodi hiyo niliitumia mwaka jana kufundishia, na mwanafunzi mmoja kutoka Kakesio alisimama akasema babu yake alitaja visima vilevile. Mwaka 1958 karatasi ilikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1913 mahakama ilisikiliza karatasi. Tume nazo husikiliza wenye ushahidi, na waliotoka Moru kwa miguu yao wanazikwa kila mwezi.

Kama nyumbani kwenu kuna koko au babu aliyeyaona ya 1959, iwe Ngorongoro, Loliondo au kokote walikohamia, nenda kwake wiki hii na simu yako. Mwulize visima, makaburi na njia, kwa majina. Hifadhi nakala mbili, moja ikae kwa mtu asiye wa ukoo wenu.